Laini ya Pili ya Haugen

Verlyn Tveit alikuwa mtu wa kuguswa mara moja kwa wiki. Jumapili, kanisani kwa Walutheri wa Milroy, mchungaji akishasema watu wapeane amani, jirani wa mbele aligeuka akampa mkono, wa nyuma akampa mkono, na bibi Hjelle wa upande wa dirishani akampa vidole viwili kwa sababu ya baridi yabisi. Ndiyo hiyo mpaka Jumapili nyingine. Siku zilizobaki alishika waya, usukani na kikombe.

Wala si kwamba watu walimchukia. Nani amchukie Verlyn? Alikuwepo tu kama nguzo ya simu inavyokuwepo, na nguzo haisalimiwi.

Alizaliwa maili nne nje ya Haugen, Dakota ya Kaskazini, huko juu kabisa karibu na mpaka, kwenye shamba la ngano la baba yake Tollef. Shamba lilipopigwa mnada alikuwa na miaka thelathini na miwili. Siku hiyo alisimama mlangoni mwa banda tangu asubuhi mpaka kombaini ya mwisho, mashine ya kuvunia, ilipotolewa uani, na mtu alipomuuliza yu hali gani, akajibu si mbaya sana. Kule ndivyo wanavyojibu. Mtu kapata mjukuu, si mbaya sana. Mtu paa la nyumba limekwenda na kimbunga, si mbaya sana. Wenyewe kwa wenyewe wanajua kusikiliza kilicho nyuma ya maneno hayo, au wanadhani wanajua.

Baada ya shamba alipanda nguzo za simu miaka kumi na mmoja, mpaka nyonga ikakataa. Ndipo ushirika wa nafaka ukamchukua atunze mashine zake. Ushirika ulikuwa na maghala sita, kila moja katika mji wake mdogo, na ofisi kuu hapo Milroy. Wakampa chumba kilichokuwa stoo ya mbegu, hakina dirisha, na humo akakaa na kompyuta na makasha yake. Jioni alirudi nyumbani kwa mama yake, na mama alipofariki akarudi kwenye nyumba ileile. Dukani alinunua mkate nusu. Mwenye duka alikuwa ameshazoea, anaukata kabla hajaulizwa.

Sauti iliyomjia kwa jina lake ilikuwa moja, ya Ardis Kvamme.

Ardis ndiye aliyeshika mizani ya ghala la Haugen. Mjane wa miaka hamsini na mitano, mwembamba, ulimi mkavu. Lori la ngano likipanda mizanini alilipima, akachukua sampuli, akapima unyevu, akaandika yote kwenye kompyuta, na habari ile ikasafiri kwa laini ya simu maili arobaini na moja mpaka Milroy. Lori likishamwaga lilirudi likapimwa tupu, dereva akapewa risiti. Lakini laini ya Haugen ilikuwa nyembamba, na juu yake palipita vilevile bei za soko la Chicago, kadi za pampu za mafuta, na hesabu za duka la mbolea. Wakati wa mavuno, malori yanapokuja kwa mfululizo, laini ilijaa, na kompyuta ya mizani ikakwama.

Hapo ndipo simu ilipolia chumbani kwa Verlyn. Ardis hakuwa na salamu. Alisema tu imeganda tena, na Verlyn akaanza kuiwasha mashine upya kutoka kule aliko. Kazi hiyo ilichukua dakika tano, na dakika tano mtu hawezi kukaa na simu sikioni bila kusema neno. Kwa hiyo Ardis alimwambia nani kavuna, nani kombaini yake imeungua, ni mvua kiasi gani imenyesha kwa nani. Mwaka wa tisini na saba, katika wiki nne za ngano, alipiga simu mara sabini na tatu. Verlyn alijua kwa sababu kila hitilafu aliiandika daftarini.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, meneja mkuu Delmer Schauer alimwita ofisini. Delmer hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kusema mambo mazito huku anatafuta kitu kwenye droo. Alisema mwaka jana foleni ya malori Haugen ilifika barabara kuu, na wakulima waliochoka kusubiri walikwenda kuuza kwa kampuni ya upande wa pili, kwenye reli nyingine. Bodi imechoka. Foleni ikifika barabarani tena mwaka huu, Haugen itafungwa baada ya mavuno na ngano yote italetwa Milroy.

Verlyn akauliza Ardis atakwenda wapi.

Delmer akasema alivyosikia ana binti Arizona.

Basi Verlyn alirudi chumbani kwake akakaa mbele ya simu. Ghala likifungwa, Ardis anakwenda Arizona, na simu ile itabaki ya wauzaji wa vibandiko na wino wa ofisini. Mtu mwingine angekwenda akamwambia Ardis jambo. Verlyn alikwenda kuomba laini ya pili.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, sitaki kumnyima haki yake. Kila ghala lilikuwa na rauta, kasha la kijivu kama sanduku la viatu, kazi yake kupokea habari na kuzielekeza njia. Kasha hilo lina uwezo wa kuamka lenyewe. Unaliambia: laini kuu ikijaa kufikia sitini kwa mia, piga namba hii, fungua laini ya akiba, gawa mzigo kwa njia mbili. Mzigo ukipungua mpaka ishirini kwa mia, kata simu, laini ya akiba ilale. Kwa njia hiyo laini ya pili hulipiwa kwa dakika zile tu inapotumika. Delmer alipenda hapo.

Kampuni iliyouza makasha ilisema italeta mtaalamu kutoka Minneapolis ayapange. Verlyn alikataa.

"Nimekuwa nikivuta waya katika kaunti hii tangu huyo mtaalamu ananyonya," alimwambia Delmer. "Kama siliwezi hili, msiniite fundi."

Mwezi wa Julai alikwenda Haugen kupanga kasha kwa mkono wake. Ardis siku hiyo hakuwepo, alikuwa Minot kwa daktari wa meno. Alikuwa amemwachia mezani sahani ya vipande vya keki ya shayiri na tende, imefunikwa kitambaa, na karatasi imeandikwa: Kula. Verlyn alikula kimoja. Cha pili alikitazama muda mrefu, lakini mtu akila viwili mwenye nyumba hayupo, hiyo ni tamaa. Akafunika.

Alipomaliza kupanga akafanya jaribio. Alichomoa waya wa laini kuu. Kasha likakaa kimya kidogo, kisha likapiga namba lenyewe, taa ya laini ya pili ikawaka kijani, na kompyuta ya mizani ikaendelea kama hakuna kilichotokea. Akachomeka waya, laini ya pili ikalala. Alirudia mara tatu. Akafunga kibanda, akarudi Milroy amenyooka kama mtu aliyetoka kuposa.

Lakini kuchomoa waya na kujaza laini ni vitu viwili, na yeye alikuwa amejaribu kimoja.

Ngano ilianza kuvunwa tarehe kumi na saba Agosti. Asubuhi kule hawavuni, wanangoja umande ukauke, na malori ya kwanza hufika mizanini saa tano. Verlyn alikaa chumbani kwake tangu saa mbili. Saa tano ikafika, saa sita ikafika. Simu haikulia.

Akaingia kwenye kasha la Haugen kupitia laini, akasoma kipimo cha mzigo. Kasha halihesabu kwa mia kama watu. Linahesabu kwa mia mbili hamsini na tano, hapo ndipo kujaa kabisa. Kipimo kilisema saba. Saba tu katika mia mbili hamsini na tano. Laini iko karibu tupu, hata ile ya akiba haijahitajika. Verlyn aliona fahari, kisha akaona kitu kingine ambacho hakukitafutia jina.

Saa saba akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya katika miaka tisa. Yeye ndiye aliyepiga simu. Ardis akapokea, nyuma yake injini zinanguruma. Verlyn akauliza mambo yanakwendaje.

"Si mbaya sana," Ardis alisema.

Verlyn akasema vizuri. Ardis akasema haya. Simu ikakatwa.

Siku ya pili kipimo kilisema tano. Simu haikulia. Verlyn alikula chakula cha mchana na daftari limefunguliwa, ukurasa mweupe.

Siku ya tatu alichelewa, na karibu saa nne na nusu asubuhi alipita mkahawani kabla ya kwenda kazini. Orlan Fugleberg, mkulima wa upande wa Haugen, alikuwa amekaa kaunta na kofia yake ya kampuni ya mbegu. Hakugeuka. Alisema kwa kikombe chake:

"Fundi, ile laini yako mpya hasa ni ya nini? Ya kuanikia nguo?"

Watu wakacheka kidogo, wakaangalia sahani zao. Verlyn akauliza ana maana gani.

"Juzi nilikaa kwenye foleni ya Haugen masaa mawili na dakika kumi. Nikamaliza gazeti, nikalala, nikaota nimefika mizanini, nikaamka nipo palepale nyuma ya lori la shemeji. Jana vilevile."

"Jana?"

"Jana na juzi. Shemeji kashahamia kule reli ya pili. Leo watakwenda wengine."

Verlyn aliacha mayai yake sahanini. Hakupita ofisini. Alichukua pikapu akaifuata barabara ya changarawe, kwa sababu ni fupi kwa maili tatu, na vumbi likamfuata.

Alifika Haugen. Ilikuwa saa tano na nusu na malori yalikuwa yameshajipanga kutoka mizanini, kupita tangi la gesi, kupita kituo kidogo cha posta, mpaka barabara kuu, mawili ya mwisho yameweka tairi kwenye lami. Madereva walikuwa wametoka nje, wameegemea milango, mikono kifuani. Hakuna aliyepiga honi. Kule hawapigi honi. Verlyn aliwapita wote kwa miguu, nyonga inamuuma, na kila mmoja akamwinulia kidole kimoja cha salamu, na kila kidole kikamchoma.

Ndani ya kibanda Ardis alikuwa anaandika risiti kwa mkono. Penseli, karatasi ya nakala, meza imejaa vibunda vya risiti. Kompyuta ilikuwa imewashwa pembeni, imeganda, ameifunika fulana asiione.

"Umekuja kufanya nini?" alisema bila kuinua kichwa.

"Kuangalia."

"Angalia. Mguu wangu usiukanyage."

Alimpa dereva risiti dirishani, akangoja lori lishuke. Verlyn akauliza kwa nini hakupiga simu.

"Nipige nimwambie nani?"

"Uniambie mimi. Miaka yote unapiga."

Ardis akaweka penseli. "Delmer kaniambia kwa mdomo wake. Verlyn amesema kama haliwezi hili tusimwite fundi. Na Delmer mlango wake uko mkabala na wako, anasikia simu ikilia. Nikasema nitaandika kwa mkono, na jioni nitaziingiza kwenye mashine moja moja. Juzi nimemaliza saa nne usiku. Jana sikumaliza."

"Mimi nilikuuliza. Ukasema si mbaya sana."

"Ulitaka niseme nini, Verlyn?"

Mwanamke ambaye kazi yake ndiyo iliyokuwa inatishwa kufungwa alikuwa ameiacha iendelee kuzama siku mbili ili yeye asiaibike. Na yeye alikuwa amekaa maili arobaini na moja, anasoma saba na tano, anajisifu. Ukimya huo wote wawili waliutengeneza kwa heshima. Sijui watu wengine duniani wanaoweza kuharibu ngano kwa heshima.

Akapiga magoti chini ya meza, akachomeka kompyuta yake ndogo kwenye kasha, akaanza kusoma mpangilio mstari kwa mstari. Ardis aliita lori lingine. Sitini kwa mia, ipo. Ishirini kwa mia, ipo. Namba ya simu ya laini ya akiba, ipo. Alisoma tangu juu mara mbili. Mara ya tatu hakusoma alichoandika, alitafuta ambacho hakuandika.

Kasha la namna ile halipimi upana wa laini. Haliwezi. Linaona kinachopita, lakini njia ina upana gani ni lazima mtu aliambie. Lisipoambiwa, hujichukulia upana wa laini kubwa za mjini, kilobiti elfu moja mia tano arobaini na nne kwa sekunde. Laini ya Haugen ilikuwa hamsini na sita. Verlyn alipanga kila kitu na hilo hakuliambia kasha. Kwa hiyo Haugen ilikuwa imebanwa mpaka shingoni, na kasha linatazama linaona kijito katika mto mpana, linaandika saba, linaandika tano, na laini ya pili imelala usingizi wake.

Aligeuza kichwa chini ya meza ile. Miguu ya Ardis ilikuwa pale, viatu vya kazi, soksi moja imetobolewa na mabua.

"Kosa ni langu," alisema.

"Nini?"

"Nasema kosa ni langu. Sikuliambia laini ni nyembamba kiasi gani."

Ardis aliinama akamtazama. Watu wa kule hawasemi neno lile mara nyingi, na anayelisikia hajui atazame wapi. "Basi liambie," akasema.

Akaandika hamsini na sita. Kitendo chenyewe hakikuzidi muda wa kufunga kifungo cha shati.

Lakini kwa kuwa Ardis alikuwa ameacha kompyuta siku mbili, mzigo ulikuwa mdogo, hakuna cha kuonyesha kama limesikia. Ilibidi mashine iwashwe upya, Ardis aanze kuingiza risiti, pampu na duka la mbolea waendelee na yao, na wangoje, maana kasha hupima wastani wa dakika tano, halishtuki kwa lori moja. Verlyn alivuta ndoo ya sampuli akakaa juu yake kando ya kiti cha Ardis, kompyuta ndogo magotini, ili wote wawili waone namba.

Ishirini na mbili. Ardis akaandika risiti, akaita lori. Arobaini. Kibanda kilinukia vumbi la ngano na sabuni ya vipande. Sitini na moja. Ardis aliuliza lazima ifike ngapi. Verlyn akasema mia na hamsini na tatu. Ardis akasema mbona hawakuweka mia moja kama watu wengine. Verlyn akasema hajui. Tisini na nane. Dereva wa dirishani aliingiza kichwa akauliza wanatazama mpira gani, akaambiwa aondoe lori lake. Mia na kumi na tisa. Kompyuta ya mizani ilianza kuwa nzito, herufi zinachelewa kutokea, na Ardis akashika kingo za meza kama mtu aliye kwenye gari linalotaka kuteleza. Mia na arobaini. Mia na arobaini na nane.

Mia na hamsini na saba.

Kasha likapiga namba. Walisikia mlio mdogo, kisha kimya, kisha taa ya pili ikawaka kijani. Herufi za Ardis zote zilizochelewa zikatokea kwa pamoja.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

Ardis akamgonga begani kwa penseli, mara moja, akageukia dirisha, akaita lori.

Verlyn alikaa mpaka saa kumi, ingawa hapakuwa na cha kufanya. Foleni ilirudi nyuma ya posta, ikarudi nyuma ya tangi la gesi. Saa kumi Ardis akamwambia anaweza kwenda, hana sababu ya kukaa juu ya ndoo. Alisema kwa wema, lakini ndivyo alivyosema. Verlyn akaenda.

Ngano ya mwaka ule ilikuwa nyingi. Shemeji wa Orlan hakurudi, na wengine watatu walibaki reli ya pili, lakini waliobaki walileta ya kutosha. Bodi ilikutana mwisho wa Septemba; foleni ya zile siku tatu za kwanza ikatajwa, lakini haikuwa imefika barabarani tena. Kura tano zilisema Haugen ibaki, nne zilisema ifungwe. Delmer alimpa Verlyn habari hiyo huku anatafuta kibanio cha karatasi, na akaongeza kwamba laini ya pili ilifanya kazi nzuri. Verlyn akasema inafanya.

Ilifanya. Ilifanya mno. Tangu siku ile ya ndoo Ardis alipiga simu mara mbili tu, na mara moja alikuwa amekosea namba, alimtaka mtu wa mbolea. Ghala limebaki wazi, Ardis hakwenda Arizona, kila alichokitaka Verlyn kimetimia, na chumba kikawa kimya kuliko ambavyo kingekuwa kama angeshindwa. Angeshindwa angalau Ardis angepiga simu kumlaumu.

Akaanza mazoea ya kukaa mbele ya kipimo cha Haugen. Hakuna aliyemtuma. Alijifunza kuusoma mji ule kwa namba. Mzigo ukipanda saa tano, umande umekauka. Ukishuka saa sita na nusu, wanakula. Ukipanda hivi taratibu, ni pampu ya mafuta. Ukipanda kwa kuruka, ni lori, na Ardis yuko dirishani anaandika unyevu. Laini ya pili ikiamka alijua yuko na kazi nyingi, na alijua atakuwa amefunga nywele juu kwa ile penseli.

Siku moja ya Oktoba, wakati wa alizeti, mchana umelala, alifungua mpangilio wa kasha la Haugen na mkono wake ukaandika elfu moja mia tano arobaini na nne. Alitazama namba hiyo. Kilichobaki ni kubonyeza mara moja. Laini ingebanwa kesho yake saa tano, mashine ingeganda, na simu ingelia. Imeganda tena, Verlyn. Dakika tano. Pengine mara sita kwa siku mpaka theluji.

Msijidanganye kwamba ni wema uliomzuia, wala kuwahurumia wenye alizeti. Verlyn Tveit hakuwa mtu wa kuharibu kazi yake mwenyewe iliyosimama vizuri, hata kwa ajili hiyo. Alifuta tarakimu moja baada ya nyingine. Kisha akachukua simu.

Ardis akapokea kwa mlio wa pili. "Imeharibika nini?"

"Hakuna."

Waya ule ulikuwa safi, angeweza kumsikia anavyopumua.

"Hakuna kilichoharibika," alisema Verlyn. "Nilikuwa naangalia tu."

"Hata huku hakuna."

"Vizuri."

"Malori mawili tu tangu asubuhi. Alizeti bado mbichi." Akangoja. Verlyn alikuwa na neno, ila halikuwa na sababu ya kazi nyuma yake, na jambo lisilo na sababu ya kazi hakujua linaanzishwaje. Ardis akakohoa. "Huwa natenga kahawa saa tisa. Siku za polepole kama hizi nafunga dirisha kidogo. Lori likija litasubiri. Kama utaona waya wa huku unahitaji kutazamwa."

"Waya hauna tatizo," alisema Verlyn.

"Haya basi," alisema Ardis.

Verlyn akaweka simu. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika ishirini. Maili arobaini na moja, kwa njia ya changarawe thelathini na nane, mtu akitoka sasa hivi anafika. Koti lilikuwa kwenye msumari. Alijiambia atafika na vumbi. Alijiambia Delmer atauliza. Alijiambia labda kesho, akitafuta kipande cha waya cha kupeleka. Saa nane na nusu ikapita, na ikipita hiyo mtu hafiki kwa wakati, na kuchelewa kahawani ni vibaya kuliko kutokwenda.

Saa tisa kamili kipimo cha Haugen kilianza kushuka. Kilishuka mpaka moja, hapo ndipo chini kabisa, kasha halina namba ya hakuna. Verlyn aliweka mikono yake mezani akatazama. Kahawa mtu huinywa kwa dakika kumi, kumi na tano akiwa na keki. Moja ilikaa pale mpaka saa tisa na robo. Ilikaa mpaka saa tisa na nusu, dirisha la Haugen bado limefungwa. Saa kumi kasorobo ndipo iliporuka, lori, na Ardis alikuwa amefungua dirisha.